Si kila homa ni malaria: Kanuni ya kukadiria hatari ipimwe kwanza kwa watu wetu



Tumezoea katika safu hii kuzungumzia usafi wa maji, vyoo, mikono na vyakula. Leo tuzungumzie usafi wa hesabu. Siku hizi mtoto akipelekwa zahanati, iwe hapa Lingeka, Bariadi mjini au Maswa, tabibu anayefuata mwongozo hamwangalii mtoto usoni tu kisha akaandika dawa. Huuliza kwa mpangilio. Homa ina siku ngapi? Anakohoa? Ananyonya? Anatapika kila anachopewa? Amepata degedege? Humfunua kifua na kuhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifikisha pumzi 60, wa miezi miwili hadi kumi na moja akifikisha 50, na wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, basi anapumua haraka kuliko inavyotakiwa. Kutokana na majibu hayo tabibu huamua: huyu atibiwe nyumbani, huyu arudi baada ya siku mbili, huyu apelekwe hospitali leo hii.

Nyuma ya maswali hayo kuna kanuni. Kanuni hiyo imetokana na kumbukumbu za wagonjwa wengi waliotangulia: nani alikuwa na dalili gani, na mwisho wake ulikuwaje. Wataalamu wa takwimu huiita modeli ya kukadiria hatari. Mara iko kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, mara kwenye kitabu, na miaka hii imeanza kuingizwa kwenye kompyuta ndogo za mkononi anazotumia tabibu.

Hoja ya makala hii ni moja. Kanuni hizi zina manufaa makubwa na tusizikatae. Lakini kanuni haistahili kuaminiwa kwa roho ya mtoto kwa sababu tu imetoka kwa wataalamu. Inastahili kuaminiwa pale ilipojaribiwa kwa wagonjwa ambao haikutengenezwa kutokana nao, na hasa wagonjwa wanaofanana na wetu. Na katika kazi hiyo sisi wenye kaya tunayo sehemu yetu, tena kubwa.

Hii si ramli

Wapo ndugu zetu wanaosita wakisikia neno kukadiria yatakayotokea. Husema mambo ya ghaibu ni ya Allah (s.w.), na sisi tumekatazwa kupiga ramli. Wamesema kweli juu ya ramli. Lakini hebu tutazame tofauti.

Mpiga ramli hudai anajua litakalomfika mtoto wako huyu. Haonyeshi alilijuaje, wala harudi mwakani kukueleza ni mara ngapi alikosea. Mwenye takwimu hadai kujua la mtoto wako. Anachosema ni hiki: katika watoto 100 waliokuja na dalili kama hizi, idadi fulani walizidiwa. Mtoto wako yumo katika kundi hilo. Kama atakuwa miongoni mwa waliozidiwa au waliopona, hilo halijui. Tena anatakiwa aandike alivyohesabu, na aandike alivyokosea, ili mwingine amsahihishe.

Mkulima wa Simiyu akiona mawingu mazito upande wa ziwa huanika pamba? Haaniki. Hajadai kujua ghaibu, amefuata sababu. Sisi tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza kisha tutawakali. Kanuni ya hatari ni kamba ya kumfungia ngamia. Swali letu leo ni kama kamba hiyo ni imara.

Mazoea yalivyotugharimu

Kabla ya kuiuliza maswali kanuni, tuyaulize maswali mazoea. Kwa miaka mingi katika nchi yetu homa ilikuwa na jina moja tu, malaria. Mtoto akichemka, mama anataja ugonjwa mwenyewe, na tabibu anaandika dawa ya malaria. Hata mwongozo wa kimataifa wa kutibu watoto wagonjwa ulikubali zamani kwamba penye malaria nyingi, kila homa ya mtoto itibiwe kama malaria. Hiyo nayo ilikuwa kanuni ya kukadiria, yenye swali moja tu: ana homa au hana?

Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa waliolazwa wakitibiwa malaria kali, wakapima upya damu zao kwa uangalifu. Kati ya wagonjwa 4,474, waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa 2,062 tu, yaani asilimia 46. Zaidi ya nusu walikuwa wanatibiwa ugonjwa usioonekana katika damu yao. Sasa tazama vifo. Waliokuwa na vimelea, walikufa karibu 7 katika kila 100. Wasiokuwa na vimelea, walikufa 12 katika kila 100. Na miongoni mwa hao wasio na vimelea waliokuwa na dalili kali, kama theluthi moja hawakupewa antibaiotiki yoyote. Waliokuwa hatarini zaidi ndio waliokosa tiba, kwa kuwa jibu lilikuwa limeshatolewa kabla ya swali kuulizwa.

Utafiti mwingine ulifanywa mwaka 2008 Dar es Salaam na Ifakara, na kuchapishwa mwaka 2014. Watoto 1,005 wenye homa walichunguzwa kwa vipimo vingi. Wenye malaria walikuwa kama mmoja kwa kila kumi. Wenye maambukizi ya njia ya hewa walikuwa 62 kwa kila 100, na wengi wa watoto wote walikuwa na virusi, ambavyo havitibiwi kwa dawa ya malaria wala kwa antibaiotiki.

Ndiyo maana tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limetaka kila anayeshukiwa malaria apimwe kwanza. Ndugu msomaji, kipimo kikisema hakuna malaria usikasirike wala usilazimishe sindano. Umeambiwa jambo la thamani: tuendelee kutafuta.

Lakini mtu asije akasema kutokana na hayo kwamba kila mwongozo ni kazi bure. Katika wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji, ambako matabibu walifundishwa kumchunguza mtoto kwa maswali ya mpangilio, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 kuliko katika wilaya za jirani za Kilombero na Ulanga. Matokeo hayo nayo yalichapishwa mwaka 2004. Kanuni nzuri huokoa, na kanuni mbaya huua ikiwa na sura ya tiba. Vipi tutazitofautisha?

Kanuni hutengenezwaje

Tuchukue mfano wa mama mjamzito mwenye presha ya juu, kwa sababu hili limo katika kaya zetu. Watafiti walikusanya taarifa za wanawake 2,081 wenye presha ya ujauzito katika nchi tano: Uganda, Afrika Kusini, Pakistan, Brazil na Fiji. Wakaandika mambo yanayoweza kujulikana hata penye zahanati isiyo na maabara kubwa: amezaa mara ngapi, mimba ina wiki ngapi, anaumwa kichwa au anaona maluweluwe, ana maumivu ya kifua au pumzi inambana, anatokwa damu pamoja na maumivu ya tumbo, presha yake ni ngapi, na mkojo wake una protini kiasi gani. Kisha wakatazama nani alipatwa na janga ndani ya saa 48. Hesabu ikatoa uzito wa kila jambo, na mizigo hiyo ikijumlishwa inatoa kadirio la hatari. Kanuni hiyo inaitwa miniPIERS, na ilichapishwa mwaka 2014.

Jambo la kwanza la kuuliza ni wingi wa waliofikwa na janga. Usidanganyike na 2,081. Waliopatwa na janga walikuwa 261, na hao ndio waliofundisha kanuni nini cha kuogopa. Utafiti unaweza kuwa na maelfu ya watu, na waliougua sana wakawa 15. Kanuni itakayotoka humo ni dhaifu hata kama karatasi yake inapendeza.

Mtihani wa kukariri

Jambo la pili ni mtihani. Kila mwalimu wa madrasa anamjua mwanafunzi aliyekariri majibu ya ubao wa jana. Ukimuuliza ya jana, anapata yote. Ukigeuza swali kidogo, anabaki kukutazama. Kanuni za hesabu nazo zina tabia hiyo hiyo. Ukiipa kanuni mambo mengi ya kutazama na wagonjwa wachache, itakariri hata bahati nasibu. Labda katika wagonjwa wale watoto watatu waliofariki walikuja siku ya mnada, basi kanuni ikaifanya siku ya mnada kuwa dalili ya hatari.

Kwa hiyo kanuni haipewi cheti kwa kufaulu mtihani wa wagonjwa wale wale walioifundisha. Kwanza hujaribiwa kwa kuchukua mafungu mengi ya wagonjwa hao kwa nasibu, ili kujua imekariri kiasi gani. Kisha, na huu ndio mtihani wenyewe, hupelekwa kwa wagonjwa wengine kabisa, wa mahali pengine au wa miaka mingine.

Kanuni ya miniPIERS ilifanyiwa hivyo. Chukua wanawake wawili, mmoja aliyepatwa na janga na mmoja aliyesalimika, uiulize kanuni nani alikuwa hatarini zaidi. Kwa wanawake walioifundisha, ilijibu sawa kama mara 77 katika 100. Ilipopelekwa kwa wanawake wa utafiti mwingine, wa nchi tajiri, ilishuka hadi kama mara 71. Kumbuka kwamba anayerusha shilingi juu hupata mara 50. Kushuka huko si aibu. Aibu ni kuficha, na watafiti hao hawakuficha.

Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Wanazuoni wa hadithi hawakupokea habari kwa utamu wake. Waliuliza: nani kaipokea kutoka kwa nani, na je, imekuja kwa njia nyingine? Habari ya roho za watu nayo iulizwe hivyo.

Mizani ya pamba

Jambo la tatu ndilo husahauliwa hata na wasomi. Mkulima wa pamba, wewe unalijua kuliko wao. Mizani ya mnunuzi yaweza kuwa imepunguzwa kilo tano kwa kila gunia. Ukipandisha gunia kubwa na gunia dogo, mizani hiyo itakuambia vizuri kabisa lipi ni zito zaidi. Kwa kupanga magunia, haina kosa. Lakini fedha yako imeliwa, kwa kuwa namba inayosoma siyo uzito wenyewe. Sura ya Al-Mutaffifin inaanza kwa karipio kwa wanaopunja vipimo, na sisi tunajua machungu yake kila msimu.

Kanuni ya hatari nayo ni hivyo hivyo. Yaweza kupanga wagonjwa vizuri, nani zaidi na nani pungufu, huku namba inayotoa ni ya uongo. Ikisema hatari ni 20 katika 100, basi ukiwakusanya watu 100 walioambiwa hivyo, wawe wameugua kama 20 kweli. Wakiwa wameugua 5, kanuni imewatisha watu na kuwapa dawa wasizohitaji. Wakiwa wameugua 50, kanuni imewalaza watu usingizi wa mauti.

Mfano wake upo katika magonjwa ya moyo. Mwaka 1948 ulianza utafiti mkubwa katika mji wa Framingham nchini Marekani, na kutoka huko zikatoka kanuni za kukadiria nani atapata ugonjwa wa moyo. Zilipopelekwa kwa watu wengine, kwa mfano China, zilikadiria hatari kubwa kuliko iliyokuwepo. Kupanga watu ziliweza. Uzito ndio haukuwa sawa. Dawa yake haikuwa kuzitupa, ilikuwa ni kuirekebisha mizani. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa majedwali mapya ya hatari ya moyo na kiharusi yaliyosawazishwa kwa kanda 21 za dunia, Afrika Mashariki ikiwa na lake. Yamo hata yasiyohitaji maabara: umri, jinsia, uvutaji wa sigara, presha, na uzito ukilinganishwa na urefu.

Kanuni ile ile, mahali pengine

Sasa tufike nyumbani. Mwaka 2008 ilichapishwa kazi kubwa juu ya watoto wachanga wa chini ya miezi miwili katika nchi sita, Ghana na Afrika Kusini zikiwemo. Zikapatikana dalili saba za kuogopa: kushindwa kunyonya vizuri, degedege, kutojitikisa mpaka aguswe, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kubonyea sana ndani anapovuta pumzi, joto kufika 37.5 au zaidi, na mwili kupoa chini ya 35.5. Kwa watoto wa wiki ya kwanza, kuwa na dalili hata moja kuliwakamata 85 kati ya 100 waliokuwa wagonjwa sana. Na kati ya 100 ambao hawakuwa wagonjwa sana, 25 nao waliingizwa katika hofu.

Tufanye hesabu ya mfano. Waletwe watoto wachanga 1,000 katika hospitali ambako wagonjwa sana ni 100. Kanuni itawakamata 85. Kwa 900 waliobaki itawahofia 225. Jumla waliohofiwa ni 310, na wa kweli ni 85, yaani zaidi ya mmoja kwa kila wanne. Sasa ichukue kanuni hiyo hiyo, bila kubadilisha herufi, uipeleke katika zahanati ya kijiji ambako katika 1,000 wanaoletwa wagonjwa sana ni 20. Itawakamata 17. Kwa 980 waliobaki itawahofia 245. Jumla ni 262, na wa kweli ni 17, yaani mmoja kwa kila 15.

Kanuni ni moja, ila maana yake imebadilika kwa sababu wanaoletwa wamebadilika. Ndiyo maana haitoshi kuambiwa, "Imejaribiwa Ulaya," au hata "Imejaribiwa Dar es Salaam." Kanda yetu ya Ziwa ina mzigo mkubwa wa selimundu, ina kichocho, na malaria yenyewe haiko sawa mkoa kwa mkoa. Mtoto mwenye selimundu na homa si sawa na mtoto asiye nayo, hata kama wote wamepumua mara 40.

Hata hivyo, ndugu msomaji, usiisome hesabu hiyo vibaya. Ukiwa na mtoto mchanga mwenye dalili hata moja kati ya hizo saba, mpeleke. Watoto 14 kusafirishwa bure ili wa 15 aokoke ni biashara ambayo hakuna mzazi wa kuijutia. Lakini mwenye kupanga magari ya wagonjwa, vitanda na dawa lazima aijue hesabu hiyo, la sivyo magari yatakwisha mafuta kabla ya wa 15 kufika.

Jambo la nne linamhusu tena mama mjamzito. Watafiti wa miniPIERS walipoweka mstari wa hatari kwenye 25 katika 100, walisema kanuni iliwapanga sawa wanawake 85 katika kila 100. Inasikika vizuri. Lakini mstari huo uliwakamata 41 tu katika kila 100 waliopatwa na janga. Wengine 59 walikuwa chini ya mstari. Tena fikiri: waliosalimika walikuwa 87 na zaidi katika 100, hivyo hata mtu ambaye angesema "hakuna atakayedhurika" angekuwa sahihi mara 87. Kwa hiyo ukiambiwa kanuni ni sahihi asilimia 85, uliza: imewakosa wangapi? Na alama ndogo ya hatari isimrudishe nyumbani mwanamke anayeumwa kichwa sana na kuona maluweluwe. Kuwa juu ya mstari ni amri ya kukimbia. Kuwa chini ya mstari si ruhusa ya kulala.

Wanaosema tusubiri, na wanaosema tupewe zote

Wapo watakaosema, basi bora tabibu atoe dawa ya malaria na antibaiotiki kwa pamoja, tumalize. Hiyo ndiyo njia tuliyopita, na imetuletea vijidudu sugu ambavyo antibaiotiki haviui tena. Utafiti uliochapishwa katika kipindi cha 2023 hadi 2024, uliofanywa katika vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro, ulionyesha njia nyingine. Matabibu waliotumia mwongozo wa kwenye kompyuta ndogo ya mkononi waliandika antibaiotiki kwa watoto 23 katika 100, na wenzao waliofuata mazoea waliandika kwa 70. Watoto wa kundi la kwanza hawakuonekana kushindwa kupona kuliko wenzao. Huo ni mtihani wa haki: vituo viligawanywa kwa nasibu na watoto wakafuatiliwa. Lakini ni Mbeya na Morogoro. Ukiletwa Simiyu tuupokee kwa mikono miwili, na tuhesabu wenyewe.

Wapo pia watakaosema tusitumie chochote mpaka utafiti ufanywe Lingeka. Hapana. Mwaka 2020, korona ilipoingia, watu walikimbilia kutengeneza kanuni. Uchambuzi wa kwanza wa kanuni 31 ulizikuta zote na kasoro kubwa za utengenezaji. Funzo lake ni kwamba haraka isiyo na mtihani haifai. Lakini kungoja ukamilifu nako ni kumwacha mtoto mikononi mwa mazoea, na mazoea tumeshayaona yalivyoua. Njia ya kati ni kutumia kilicho bora miongoni mwa vilivyopimwa, huku tukiendelea kukipima hapa.

Sehemu yetu wenye kaya

Kanuni hupimwa kwa kumbukumbu. Kumbukumbu zetu ni yale madaftari makubwa ya MTUHA yaliyo mezani kwa tabibu, na kadi ya kliniki iliyo kabatini kwako. Zikichafuka hizo, hakuna mtaalamu wa Bugando wala wa ng'ambo atakayezisafisha. Kwa hiyo:

Kwanza, sema kweli. Umri wa mtoto, siku za homa, dawa uliyompa kabla ya kuja, hata mizizi. Mama asifiche idadi ya mimba alizobeba kwa kuona haya mbele ya mkwe. Usimtibie mtoto mmoja kwa kadi ya mwingine, maana umeharibu habari za wawili.

Pili, rudi. Ukiambiwa urudi baada ya siku mbili, rudi hata mtoto akiwa anacheza. Usiporudi, daftari halijui kama amepona, amehamia kwa mganga wa kienyeji au amefariki. Hapo ndipo penye hatari kubwa. Mtoto akifia nyumbani na kuzikwa bila kituo kujua, katika daftari anabaki kama mtoto aliyepewa dawa akaenda zake. Anayekuja kutengeneza kanuni kutokana na daftari hilo atamhesabu miongoni mwa waliopona, na dalili zile zile zilizomuua zitaandikwa kuwa si za kuogopa. Maimamu na wazee wanaosimamia mazishi wanaweza kulisaidia hili kuliko mtu yeyote: mtoto akishazikwa, habari ifike zahanati na kwa mtendaji wa kijiji.

Tatu, dai hesabu. Zahanati ina kamati yake, na katika kamati hiyo wamo wananchi. Kila robo mwaka isomwe mbele ya mkutano wa kijiji: watoto wangapi walikuja na homa, wangapi walipimwa malaria, wangapi walikutwa nayo, wangapi walipewa antibaiotiki, wangapi walipelekwa hospitali, na kati ya walioambiwa waende nyumbani wangapi walirudi wamezidiwa au walifariki. Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayosema kama kanuni inatufaa. Ikipanda, halmashauri ya Bariadi iulizwe: je, kanuni haifuatwi, au inafuatwa na haitulingani? Tiba ya la kwanza ni kumfundisha tabibu. Tiba ya la pili ni kuirekebisha mizani.

Nne, akina baba, toeni nauli mapema. Kanuni iliyo bora kuliko zote, ikimwambia mama ampeleke mtoto Bariadi sasa hivi, haina maana ikiwa fedha inasubiri baba arudi kesho kutwa kutoka mnadani.

Ndugu msomaji, kujua kwa yakini nani atapona na nani atafariki hatukupewa. Tulichopewa ni akili ya kuhesabu, ulimi wa kusema kweli na amana ya watoto. Kanuni inayokadiria hatari ya mtoto ikija Lingeka, tuikaribishe kama tunavyomkaribisha mnunuzi wa pamba: kwa salaam na heshima, na kwa kumwomba aijaribu mizani yake mbele yetu kabla ya gunia la kwanza kupanda.

Wabillahi tawfiq.